Konya: Kuba ya Feruzi na Jiko la Madarweshi

Konya, mji wa uwanda wa juu wa Anatolia ambao katika karne ya 13 ulikuwa makao makuu ya masultani wa Kiseljuki, unafahamika zaidi kwa kaburi la Jalaluddin Rumi, mwanachuoni na mshairi aitwaye na Waturuki Mevlana, yaani bwana wetu, aliyefia hapo tarehe 17 Desemba 1273. Kuba yenye vigae vya rangi ya feruzi iliyo juu ya kaburi hilo ndiyo inayowavuta wageni, lakini anayetaka kuuelewa mji huu hana budi kuingia jikoni.

Jiko la tekke, yaani zawia ya wafuasi wa tarika ya Mevlevi, ndilo lililokuwa chuo chao. Aliyetaka kuwa darweshi aliketi kwanza siku 3 juu ya ngozi ya kondoo, akiwatazama waliokuwa kazini na kuipima nafsi yake, kisha, akikubaliwa, alitumika siku 1001 akifagia, akiosha vyombo na kutumwa sokoni, chini ya mpishi mkuu aliyekuwa pia mlezi wake wa kiroho. Humo ndimo alimojifunza sema, ibada ya kuzunguka, juu ya ubao uliopigiliwa msumari wa kupita kati ya vidole vya mguu, ili asihame mahali pake. Wala heshima ya jiko haikuwa ya maneno matupu: mpishi wa Rumi, Ateşbaz Veli, alijengewa kaburi la mawe huko Meram, na wanaolizuru hadi leo huondoka na chumvi kidogo ya kutilia baraka vyakula vya nyumbani kwao.

Sheria ya mwaka 1925 ilizifunga tekke zote za Uturuki, na mwaka 1927 jengo la Konya likafunguliwa kuwa makumbusho. Sema iliporuhusiwa tena hadharani katika miaka ya 1950, ilirudi kama onyesho la utamaduni. Hata hivyo maana yake haikufutika. Kila Desemba hufanyika kumbukumbu ambayo watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wangeiita hauli, nayo huitwa Şeb-i Arus, usiku wa arusi, kwa kuwa Rumi aliyaona mauti kuwa ni kukutana na Mpenzi wake. Kofia ndefu ya mzungukaji ni jiwe la kaburi la nafsi, vazi jeupe ni sanda yake, na joho jeusi analolivua kabla ya kuzunguka ni kaburi analotoka.

Jikoni moto hauwaki tena. Sanamu zilizovishwa mavazi ya kidarweshi ndizo zinazoshika nafasi za wapishi na wanafunzi wao.