Sensa ya uvuvi ya Ziwa Victoria

Hesabu ya fuo, wavuvi, mashua, injini na zana inayofanywa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Ilianza mwaka 2000, ikapangwa kurudiwa kila baada ya miaka miwili. Mratibu wake ni LVFO (Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria), lililoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, lenye makao makuu Jinja.

Uhesabuji

Karani husaidiwa na BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo husika. Kila mashua huandikwa urefu wake, kama inakwenda kwa kasia, tanga au injini, ina wavuvi wangapi, inafuata mbuta (sangara), ngege (sato) au omena (dagaa), na nyavu zake zina matundu ya inchi ngapi. Kwenye matundu ndipo penye kigugumizi. Nyavu za kutega zilizo chini ya inchi 5 haziruhusiwi, na kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufuoni, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Mvuvi mwenye akili zake hamtandazii karani wavu wa kumpeleka kortini. Idadi ya zana haramu basi ichukuliwe kuwa kima cha chini.

Hesabu ya watu inaaminika zaidi: wavuvi takriban 129,000 mwaka 2000, na 196,000 mwaka 2006. Ongezeko hilo lilitokea katika miaka ambayo serikali zilikuwa zikikaza kanuni. Tangu 2005 sensa imeongezewa upimaji wa samaki wanaoshushwa fuoni.

Pwani

Wavuvi wa Bahari ya Hindi nchini Kenya wako nje ya sensa hii; wao wamehojiwa kuhusu maoni yao, hasa juu ya maeneo yaliyofungwa na mitego iliyokatazwa.

Eastlands

Nairobi haina ufuo, lakini kanuni za ziwa huonekana kwenye soko la Gikomba. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai, na wanunuzi wa Kayole na Umoja, mitaa ya Eastlands, huujua msimu huo kwa bei ya gorogoro, kopo la kupimia. Minofu ya mbuta husafirishwa Ulaya. Kinachobaki, kichwa na mifupa, ndicho mgongo wazi. Mama mkaangaji huutumbukiza kwenye karai la mafuta hadi ukauke kabisa, kisha huufunga kwa gazeti. Tangu miaka ya 2010 ngege wa kugandishwa kutoka China wamemwongezea ushindani.

Dodoso la sensa huishia ufuoni, mkaangaji hahesabiwi.