Klachi Moja, Hatua Mbili: Trekta za Ferguson na Msamiati wa Kiswahili cha Ufundi

Historia ya kilimo cha mashine katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa ekari na fedha. Mradi wa karanga wa Tanganyika, uliovunjwa mwaka 1951, hukumbukwa zaidi kwa hasara yake. Makala haya yanadai kwamba historia hiyo ina upande wa lugha pia: tofauti za kimitambo baina ya matoleo ya trekta zilifichwa na maneno yaliyobaki yaleyale.

Ferguson TE20, iliyoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, ilikuwa na klachi ya hatua moja. Dereva alipokanyaga pedali, magurudumu, mhimili wa kuzungushia zana na pampu ya haidroliki vilikatiwa nguvu kwa pamoja. Hata plau haikuinuka. Kwake, “kanyaga klachi” ilimaanisha “simamisha kila kitu”.

Mrithi wake, Massey Ferguson 35, na baadaye 135 ya mwaka 1964, zilipatikana pia zikiwa na klachi ya hatua mbili. Pedali ikikanyagwa nusu, magurudumu husimama ilhali mhimili na pampu vinaendelea. Ikikanyagwa hadi mwisho ndipo vyote hukatika. Faida ilikuwa kubwa: mashine ya kukata majani ilijisafisha bila trekta kusonga. Hatari nayo ilikuwa kubwa: aliyezoea TE20 angeweza kuona trekta imesimama, akausogelea mhimili ambao bado unazunguka.

Jina la toleo nalo halikutosha. Massey Ferguson 35 za awali za dizeli zilikuwa na injini ya Standard ya silinda 4, iliyojulikana kwa ugumu wa kuwaka penye baridi; kuanzia 1959 ikaja Perkins ya silinda 3. Anayeagiza pistoni za “thelathini na tano” bila kutaja injini hajaagiza kitu.

Suala hili lina uzito wa pekee kusini magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamewakutanisha Wanyarwanda, Wakongomani na Warundi. Kiswahili cha Kongo kina istilahi za ufundi zenye asili ya Kifaransa, kama ambreyaji na vitesi. Cha Kenya na Tanzania husema klachi na gia. Katika mtaa wa mjini kama Nyamityobora, Mbarara, ambako Kinyankore pia kinazungumzwa, maneno hayo mawili yanaweza kukutana mbele ya pedali moja. Hata hivyo, kutafsiri ambreyaji kuwa klachi hakutatui tatizo, kwa kuwa hakuna kati yake linalotaja hatua ya pili.

Hivyo basi, kazi ya mwanaistilahi haiishii kwenye kusawazisha maneno ya lahaja. Inafaa kutenganisha “klachi ya mwendo” na “klachi ya zana”. Neno likitanguliwa na ujuzi wa mtambo, huokoa mkono wa mkulima.