Kelele na Masafa Yake: Historia ya Vizuizi vya Sauti Vinavyorekebishika, kwa Kurejelea Nyumba za Bomani, Tarime

Makala haya yanachunguza historia ya vizuizi vya sauti vinavyoweza kurekebishwa kulingana na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo kizio chake ni hezi. Hoja inayotetewa ni kwamba kelele si kitu kimoja: kizuizi kinachofaa dhidi ya sauti nyembamba chaweza kushindwa kabisa mbele ya sauti nene. Hoja hiyo inapimwa kwa nyumba ya kawaida ya Bomani, kata iliyomo katika mji wa Tarime, yenye kuta za matofali na paa la bati. Mji huo unapitiwa na barabara kuu iendayo Sirari, mpakani mwa Kenya. Ngurumo ya injini za malori, mashine za kusaga nafaka na spika kubwa za muziki hubeba sehemu kubwa ya nguvu yake katika masafa ya chini.

Kanuni ya msingi ni ya uzito. Uzito wa kizuizi ukiongezeka maradufu, au masafa yakiongezeka maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli 6. Bati la geji 30 lina uzito wa karibu kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kwa kukadiria, bati hilo hupunguza sauti ya hezi 1,000 kwa desibeli 20 hivi, ilhali sauti ya hezi 100 hupita karibu bila kizuizi. Ukuta wa tofali moja, wenye uzito wa kilo 200 kwa mita ya mraba, huipunguza sauti hiyohiyo nene kwa zaidi ya desibeli 30. Kwa mantiki hiyo, kuongeza unene wa ukuta bila kushughulikia paa ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Wazo la chombo kinachoteua masafa ni la kale. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, Vitruvius wa Roma aliandika kuhusu vyungu vya shaba vilivyowekwa katika kumbi za maigizo, kila kimoja kwa noti yake. Makanisa mengi ya Ulaya ya zama za kati nayo yalijengewa vyungu ndani ya kuta. Hata hivyo, maelezo ya kihisabati yalisubiri kazi ya Mjerumani Hermann von Helmholtz, aliyechapisha kitabu chake kuhusu hisi za sauti mwaka 1863. Alionesha kwamba chombo chenye tumbo na shingo huitikia masafa mamoja tu, kwa kutegemea ujazo wa hewa, upana wa mdomo na urefu wa shingo. Mtungi wa lita 20 wenye mdomo wa sentimita 8 na shingo fupi utaitikia karibu hezi 86. Ukijazwa maji hadi nusu, utapanda hadi karibu hezi 120. Hapa ndipo kurekebishika kulikopata msingi wake wa kisayansi. Mpiga iritungu wa Kikurya hahitaji kufundishwa upande wa pili wa kanuni hii, kwa kuwa ala yake hupata sauti nene kwa msaada wa bakuli kubwa la mti.

Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza kupima mwangwi kwa kuingiza na kutoa mito ya viti usiku. Matokeo yake yaliongoza usanifu wa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Ni muhimu kutofautisha mambo mawili: mito hufyonza sauti iliyomo ndani ya chumba, lakini haizuii sauti itokayo nje. Ukumbi wa Espace de projection wa taasisi ya IRCAM, uliofunguliwa Paris mwaka 1978, uliendeleza njia ya Sabine kwa vibao vya nyuso tatu vinavyozungushwa. Mafanikio katika kuzuia yalikuja baadaye. Mwaka 2000 watafiti wa Hong Kong walionesha kwamba bamba la unene wa takriban sentimita 2, lenye gololi za risasi zilizovikwa mpira, huzuia sauti ya karibu hezi 400 kuliko kanuni ya uzito inavyoruhusu. Masafa hayo hubadilika kadiri uzito wa gololi na ulaini wa mpira unavyobadilishwa.

Teknolojia hiyo haijafika katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Tarime, lakini kanuni yake tayari imo katika dari. Bati na dari la jipsamu la kilo 9 kwa mita ya mraba, vikitenganishwa kwa hewa, huwa mfumo mmoja wenye mtetemo wake. Pengo likiwa sentimita 10, mtetemo huo huwa karibu hezi 135, na katika masafa hayo dari laweza kupitisha kelele kuliko paa tupu. Pengo likiongezwa hadi sentimita 40, mtetemo hushuka hadi karibu hezi 68, na ulinzi huanza mapema zaidi. Fundi anayeshusha dari kwa hiyo anarekebisha kizuizi cha sauti, ajue au asijue.

Kikwazo kinachosalia ni cha vipimo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo hutumia desibeli za mizani ya A, yenye asili katika utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 kuhusu sauti hafifu. Mizani hiyo hupunguza hezi 100 kwa desibeli 19 na hezi 50 kwa desibeli 30. Matokeo yake ni kwamba ngurumo inayotikisa bati na kumnyima mtoto usingizi yaweza kusomeka kuwa ndogo kwenye kifaa, na malalamiko ya mkazi yakaonekana hayana msingi. Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya ambayo, tangu mwaka 2002, uchimbaji mkubwa wa dhahabu wa North Mara umeendeshwa Nyamongo kwa milipuko, ambayo nguvu yake nyingi imo katika masafa ya chini kabisa.

Kwa kuhitimisha, historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba kila hatua ya maendeleo ilianza kwa kuuliza kelele ni ya masafa gani kabla ya kuuliza ni kubwa kiasi gani. Inapendekezwa kwamba upimaji wa kelele katika makazi ya Tarime ufanyike kwa kila kundi la masafa, na kwamba pengo la dari liamuliwe kwa kuzingatia kelele halisi ya eneo badala ya mazoea.