Bei ya Siku Moja: Kisa cha Nyumba Iliyoitwa Mahali pa Utu

Katika Kizulu, neno isidima lina maana ya utu, ile heshima anayostahili mwanadamu kwa kuwa ni mwanadamu. Esidimeni ni mahali penye utu huo. Life Esidimeni lilikuwa jina la makao ya kutunzia wagonjwa katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini. Leo jina hilo linapotajwa nchini humo, watu hawakumbuki utu. Wanakumbuka vifo vya watu 144.

Waliokufa walikuwa watu wazima waliohitaji uangalizi wa mchana na usiku. Wapo waliokuwa na maradhi makali ya akili, wapo wenye kifafa, wenye ugonjwa wa kusahau, na wenye ulemavu wa akili tangu kuzaliwa. Wengi hawakuweza kujieleza, na wengine hawakuweza kula bila kulishwa. Mgonjwa wa namna hii akinyimwa maji hawezi kuandamana, na akikoseshwa dawa ya kifafa hawezi kwenda kushitaki. Usalama wake wote umo katika mikono ya mtu mwingine, na katika jicho la yule anayeisimamia mikono hiyo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama kosa la mwaka 2016. Mimi nadhani tukianzia hapo hatutakielewa, kwa kuwa mizizi yake ni ya zamani zaidi.

Katika miaka ya 1960, serikali ya makaburu ilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda vya hospitali zake. Badala ya kujenga, iliingia mkataba na kampuni binafsi iliyoitwa Smith Mitchell. Kampuni ilikusanya maelfu ya wagonjwa, wengi wao Waafrika, na kuwaweka katika majengo yakiwemo mabweni yaliyoachwa na wachimba madini. Serikali ililipa kwa kichwa, kwa siku, na bei ya mgonjwa Mwafrika ilikuwa ndogo kuliko ya mgonjwa Mzungu. Katika hesabu ya namna hiyo, kila anayepona na kwenda kwao ni hasara, na kila blanketi linalonunuliwa linapunguza faida.

Habari hizo zilipovuja, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 1977 kuhusu ubaguzi wa rangi na utunzaji wa wagonjwa wa akili. Mwaka uliofuata, ujumbe wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani ulikwenda kujionea, na ukaeleza kwamba Waafrika walikuwa wakipata huduma duni na kufa vifo ambavyo vingeweza kuzuilika.

Utawala ule uliondoka mwaka 1994. Kampuni ilibadilisha jina na wamiliki, hatimaye ikawa Life Esidimeni. Huduma nazo zilibadilika: kufikia muongo uliopita, familia nyingi ziliyaona makao hayo kuwa mahali salama pa ndugu zao. Jambo moja tu halikubadilika. Serikali iliendelea kulipa kwa kichwa, kwa siku.

Mwezi Oktoba 2015, Waziri wa Afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, alitangaza kwamba mkataba huo utavunjwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa sera: sheria ya afya ya akili ya mwaka 2002 na miongozo iliyofuata ilitaka wagonjwa watunzwe karibu na jamii zao. Ya pili ilikuwa fedha. Life Esidimeni ililipwa takriban randi 320 kwa mgonjwa kwa siku. Asasi zisizo za kiserikali zingelipwa randi 112.

Ndugu msomaji, tazama tarakimu hizo mbili. Mgonjwa ni yuleyule, ana kifafa kilekile na anahitaji kulishwa vilevile. Bei imeshuka hadi karibu theluthi moja, na hakuna aliyelazimika kueleza ni nini kitakachopunguzwa: chakula, muuguzi au dawa?

Si kweli kwamba hakuna aliyeonya. Chama cha madaktari wa akili kilionya kwa maandishi. Watetezi wa wagonjwa walionya. Familia ziliandamana, kisha zikaenda mahakamani. Desemba 2015 yalifikiwa makubaliano kwamba familia zitashirikishwa. Machi 2016 liliwasilishwa ombi la kuzuia baadhi ya wagonjwa wasihamishwe, likakataliwa. Uhamisho ukaendelea kwa kasi hadi mwisho wa Juni.

Yaliyofuata yamo katika ripoti ya Profesa Malegapuru Makgoba, aliyekuwa msimamizi wa kitaifa wa malalamiko ya afya, iliyotolewa Februari 2017. Wagonjwa walipelekwa katika asasi 27, na zote hazikuwa na leseni halali. Baadhi ya wenye asasi walifika na kujichagulia wagonjwa kama wanunuzi mnadani. Wapo wagonjwa waliosafirishwa nyuma ya magari ya wazi, na wengine walifungwa kwa mashuka. Kuna waliohamishwa bila mafaili yao, hata anayempokea asijue huyu anatumia dawa gani. Familia zilizunguka mji hadi mji zikiwatafuta ndugu zao. Hata zile randi 112 zilichelewa kwa miezi, huku asasi zikiwa tayari zina vinywa vya kulisha. Watu walikufa kwa njaa, kwa kiu, kwa baridi na kwa kukosa dawa.

Septemba 2016, waziri aliulizwa katika baraza la jimbo, akajibu kwamba wamekufa watu 36. Ripoti ya Makgoba ilitaja 94. Hesabu ya mwisho ilikuwa 144, na wengine 1,418 walionusurika baada ya mateso. Utaratibu unaojua bei ya mgonjwa kwa siku, lakini haujui kama yu hai, umejieleza wenyewe.

Naibu Jaji Mkuu mstaafu Dikgang Moseneke aliongoza usuluhishi baina ya serikali na familia. Hoja ya fedha haikusimama mbele yake: aliyesimamia hazina ya jimbo alieleza kwamba hakukuwa na upungufu wa bajeti uliolazimisha uamuzi ule. Machi 2018, serikali iliamriwa kulipa jumla ya randi milioni 1.2 kwa kila mdai, ambapo milioni moja ilikuwa fidia ya kuvunjwa kwa haki za kikatiba. Julai 2024, Jaji Mmonoa Teffo, aliyeendesha uchunguzi wa kimahakama wa vifo hivyo, aliona kwamba Mahlangu na aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili wa jimbo, Dkt. Makgabo Manamela, wanaweza kuwajibishwa kwa vifo tisa.

Katika ushahidi ule, kuna jambo ambalo ningependa kila mtumishi wa umma alisome. Maofisa waandamizi, wenye shahada na uzoefu, walieleza kwamba walimwogopa mkuu wao wa kisiasa. Walijua, au walipaswa kujua, kwamba ratiba ile haitekelezeki. Walitia saini.

Wapo watakaouliza: je, wewe unatetea majumba makubwa ya kufungia wagonjwa? Sitetei. Sera ya kuwarudisha wagonjwa katika jamii ni njema. Mji wa Trieste, Italia, ulifanya hivyo katika miaka ya 1970 chini ya daktari Franco Basaglia, na ukawa mfano kwa ulimwengu. Lakini kule hospitali ilifungwa hatua kwa hatua, huku vituo vya huduma vikifunguliwa mitaani. Gauteng ilifunga mlango wa nyuma kabla ya kujenga wa mbele. Jina la sera lilikuwa moja, kazi zilikuwa mbili tofauti.

Na sisi je? Lutindi katika milima ya Usambara, Mathari ya Nairobi iliyoanza mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa 1927, zote ni urithi wa enzi za ukoloni. Nje ya hospitali hizo, mzigo wa kumtunza mwenye kifafa kikali au mzee aliyepoteza kumbukumbu umebebwa na familia, na ndani ya familia umebebwa zaidi na wanawake. Familia zinabadilika. Watoto wanahamia mijini, nyumba zinakuwa ndogo, na makao ya kulipia yanaanza kuonekana katika miji yetu. Mengine yanaendeshwa kwa moyo safi; moyo safi pekee hautoshi.

Kwa hiyo tujiulize mapema, kabla ya misiba. Makao hayo yana leseni ya nani, na aliyeitoa aliingia ndani lini kwa mara ya mwisho? Muuguzi wa zamu ya usiku ni mmoja kwa wagonjwa wangapi? Dawa ya kifafa ikiisha Ijumaa jioni, nani anawajibika? Ndugu wa mgonjwa anaweza kufika bila kutoa taarifa? Na mgonjwa akifa, kifo chake kinaandikwa wapi, na kinasomwa na nani?

Maswali haya hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji mtu wa kuyauliza, na ofisa atakayekataa kutia saini asipopata majibu. Gauteng familia ziliuliza zikapuuzwa, na maofisa wakasaini.