Safari za wafanyakazi wa Kitengela na Kajiado: saa ngapi, kwa njia gani

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unakaa Kitengela, atakuuliza hiyo ni Nairobi sehemu gani. Kitengela iko Kaunti ya Kajiado, yapata kilomita 30 kusini ya Nairobi, kwenye barabara ya Namanga inayochepuka kutoka barabara kuu ya Mombasa pale Athi River. Mimi naishi huku, na mara kwa mara hupigiwa simu na jamaa wa Pwani aliyepata kazi Nairobi akitaka kujua kama ni kweli nyumba za huku ni rahisi. Ni kweli. Ila wengi huuliza kodi ya nyumba na kusahau kuuliza saa.

Kwa msomaji wa Pwani, mfano wa karibu ni Mtwapa: mtu analala Kaunti ya Kilifi na mshahara wake uko Mombasa. Tofauti ni kwamba Kajiado ina Mtwapa kadhaa. Katika hesabu ya watu ya 2019 kaunti nzima ilikuwa na watu 1,117,840. Ongata Rongai peke yake ilikuwa na 172,569, Kitengela 154,436 na Ngong 102,323. Mji wa Kajiado, ambao ndio makao makuu, haukufika hata 30,000. Yaani watu wamejazana ukingoni, wakiitazama Nairobi, na nyuma yao kuna mbuga pana ya wafugaji.

Miji hiyo mitatu kila mmoja una njia yake ya kuingia Nairobi, lakini baina yao wenyewe haina mazoea. Mtu wa Ngong anayetaka Kitengela ama apite Nairobi ama azunguke Kiserian hadi Isinya kisha arudi juu. Watumishi wa kaunti wanaokaa Kitengela ndio wenye raha kidogo, kwa sababu wao asubuhi huelekea Kajiado, kinyume cha msafara wa wengine, na barabara huwa nyeupe.

Sasa tuje kwa walio wengi. Matatu za Kitengela hubandika namba 110. Saa nne za asubuhi, bila foleni, unaweza kufika katikati ya Nairobi kwa dakika 45. Ukipanda saa kumi na mbili na nusu, weka saa moja na nusu, na Jumatatu ya mvua weka mbili na zaidi. Ndiyo maana steji hapa huwa na watu tangu saa kumi na nusu za alfajiri. Anayepanda saa kumi na moja hufika Nairobi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kisha hukaa saa nzima akingoja ofisi ifunguliwe. Utawaona wamesinzia ndani ya matatu zilizokwisha kuegeshwa, makanga akiwaamsha kwa kugonga bati.

Wanaofanya kazi eneo la viwanda la Nairobi hawafiki mjini. Hushuka Bellevue au pale wanapopaita GM, na kumalizia kwa miguu. Safari yao watu wa mipango huiandika kuwa ya matatu, ilhali nusu saa nzima ni ya mguu: kutoka nyumbani hadi lami, na kutoka lami hadi getini. Anayekaa ndani ndani hulazimika kuongeza bodaboda kwenda na kurudi, na pesa hizo hazimo katika ile nauli mliyoambiwa.

Kundi la pili halizungumzwi sana. Eneo la viwanda vya kusafirisha nje, EPZ, liko Athi River upande wa barabara ya Namanga, na chimbuko lake ni sheria ya 1990. Wafanyakazi wake wengi ni wanawake wanaoshona nguo za soko la Marekani, na wengi wanapanga Kitengela. Viwanda vya saruji navyo viko hapo hapo, hata Bamburi yetu ina kiwanda cha kusaga saruji Athi River. Hawa huvuka mpaka wa kaunti kila siku kwa miguu au bodaboda, maana Athi River ni Machakos. Foleni ya Nairobi haiwahusu, lakini giza linawahusu. Mwanamke anayetoka zamu usiku hungoja wenzake getini ili waondoke kundi.

Jioni ni ngumu kuliko asubuhi. Mvua ikinyesha, nauli ya mia moja hupanda hadi mia na hamsini au mia mbili, na hakuna wa kumlalamikia. Mwezi wa Ramadhani ndipo Mpwani hujua anakaa mbali: magharibi humkuta Mlolongo au Syokimau akiwa amebanwa dirishani, basi huwa ametembea na tende na chupa ya maji mfukoni. Jirani yake wa kiti, asiyefunga, mara nyingi humkumbusha kwamba jua limezama.

Vipo vilivyosaidia. Kituo cha reli cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na treni yake huingia mjini bila kujali foleni; tatizo ni kwamba mtu wa Kitengela lazima apande matatu kwanza kuifikia, akalipa mara mbili. Barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika 2022. Ni nzuri kwa mwenye gari na pesa ya kulipia. Lakini inaanzia Mlolongo, na foleni ya Kitengela huanza Kitengela.

Mwenye safari hii ni nani? Abiria wa 110 huanzia Kajiado, hupita Machakos, humalizia Nairobi. Kila kaunti humwona kama mgeni wa jirani. Serikali ya kitaifa iliunda mamlaka ya usafiri ya Nairobi na viunga vyake, NAMATA, mwaka 2017, ikijumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Katika mipango ya mabasi yaendayo haraka imo njia iitwayo Ndovu, inayotoka Limuru na kupitia mjini hadi Athi River na Kitengela. Ndovu huyo hajambeba abiria wa Kitengela hata mmoja.

Aprili 2020, wakati wa Korona, mpaka wenyewe ulichorwa kwa siku moja. Amri ya kufunga Nairobi iliitaja Kitengela, Rongai, Ngong na Kiserian kuwa ndani, ilhali Mombasa, Kwale na Kilifi zilifungwa kwa majina ya kaunti. Kwa hiyo serikali inajua vizuri watu wa Kitengela hufanya kazi wapi. Na mwanzoni mwa Mei 2024, Mto Athi ulipofurika na mitaa ya Kitengela kuzingirwa na maji, ilionekana jinsi miji hii inavyotegemea barabara moja: njia ya kuzunguka ni ile ya Isinya na Kiserian, safari ya nusu siku.

Kwa jamaa wanaonipigia simu, jibu langu ni hili. Kabla ya kulipa amana ya nyumba, njoo ulale usiku mmoja wa Jumapili. Jumatatu amka saa kumi, tembea kutoka mlango wa nyumba hiyo hiyo hadi steji, panda 110, shuka kazini kwako, uangalie saa. Jioni urudi vivyo hivyo. Jumlisha nauli zote, na za bodaboda pia, uzidishe kwa siku 24, kisha uziweke juu ya kodi. Kama una watoto wadogo, angalia pia kama utawakuta macho.