Tanga: Katika njia ya 'Vita vya Nyuki', kwa miguu au kwa baiskeli

MSAFIRI anayeshuka katika kituo cha mabasi cha Kange, jijini Tanga, huwaza zaidi mzigo wake na usafiri wa kumfikisha mjini. Ni wachache wanaojua kuwa katika eneo hilo la Kange ndipo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, aliposhuka kwenye treni usiku wa kuamkia Novemba 4, 1914.

Kuanzia hapo hadi Raskazone kuna kumbukumbu za mapigano makubwa ya kwanza ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Mpenda mazoezi anaweza kuzizungukia kwa siku moja, kwa miguu au kwa baiskeli. Lettow mwenyewe usiku ule alipanda baiskeli, akapita katika mitaa mitupu hadi pwani kuziangalia meli za adui.

Siku mbili kabla, manowari ya Kiingereza Fox ilikuwa imeutaka mji usalimu amri. Muda uliopotea uliwapa Wajerumani nafasi ya kuleta askari kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao wakiwa Wahindi waliochoshwa na safari ndefu ya bahari kutoka Bombay. Lettow alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika.

Waingereza walishukia Raskazone, ambako leo watu huogelea na kupunga upepo. Walipokuwa wakisonga kuelekea mjini kupitia mashamba, risasi zilipasua mizinga iliyokuwa mitini na nyuki wakawavamia. Baadhi walidhani ni mtego wa Wajerumani, lakini nyuki hawakuchagua upande. Na Wajerumani nao waliumwa.

Kufikia Novemba 5, Waingereza walikuwa wakirejea melini, wakiacha nyuma bunduki, bombomu na mamia ya maelfu ya risasi. Zaidi ya watu 800 wa upande wao waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka. Waliuteka mji huo Julai 1916.

Kituo kinachostahili utulivu zaidi katika njia hii ni makaburini. Miongoni mwa waliouawa upande wa Wajerumani alikuwa Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa wenyeji kama Bwana Sakarani. Jina lake limehifadhiwa. Si hivyo kwa askari na wapagazi wengi Waafrika waliokufa katika vita hiyo, hapa na kwingineko.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa wahanga wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Hao walikuwa upande wa Waingereza pekee. Ni babu na mababu wa wasomaji wa makala haya.

Mwenye siku ya pili anaweza kwenda Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita zipatazo nane kaskazini mwa jiji. Mbali zaidi, karibu na mpaka wa Kenya, ni Jasin, ambako Lettow alishinda tena Januari 1915, lakini kwa hasara iliyomfanya aepuke mapambano makubwa ya ana kwa ana. Wapenda milima wana Sakarani, karibu na Soni, shamba la zamani la von Prince ambalo sasa ni la wamisionari Wabenediktini.

Anza safari alfajiri, kabla jua la pwani halijawa kali, na chukua maji ya kutosha. Omba ruhusa kabla ya kuingia makaburini au kupiga picha. Na ukikuta kaburi lisilo na jina, usilipite haraka.