Kisomo cha Songea: Kutoka Litowa hadi Kiganjani

Songea ikitajwa mbele yetu sisi watu wa pwani, aghalabu hukumbukwa Vita vya Majimaji na mashujaa wa Kingoni walionyongwa mwaka 1906. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini nchi hiyo ya vilima na mahindi ina historia nyingine isiyojengewa mnara, nayo ni historia ya kusoma. Naiandika leo kwa sababu tunaambiwa kila upande kwamba maendeleo ya kumfikia kila mtu, tena ya kudumu, hayapatikani bila ujuzi wa kidijitali. Songea waliwahi kuyasikia maneno ya namna hiyo, wakati huo yakisemwa juu ya herufi.

Mwishoni mwa mwaka 1960 vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji cha Litowa. Mwaka 1963 ikaundwa Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, ambayo hatimaye ilikusanya vijiji 17. Litowa wakawa na shule yao, mwalimu mkuu akiwa Suleiman Toroka. Masomo yalifungamanishwa na kazi za kijiji, na mambo ya kijiji yaliamuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, walioijua Litowa waliiona ndani ya maandishi yale.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja Jumuiya. Mali zake zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishwa. Sababu zilizotolewa na zilizodhaniwa ni nyingi. Mimi naisoma hivi: watu walifundishwa kusoma ili wajiamulie, kisha wakaonekana wamejiamulia mno.

Kisomo hakikufa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima ikaingia darasani, chini ya miembe na katika majengo ya shule saa za jioni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi: walisikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 walikuwa 39, na mwaka 1986 hawakufika 10. Baadaye fedha zikapungua, madarasa yakafungwa, na wengi waliokosa cha kusoma wakasahau walichojifunza.

Sasa herufi zimehamia kiganjani. Tangu mwaka 2008 fedha zinatumwa kwa simu. Ruzuku ya mbolea ilipoanza msimu wa 2022/2023, mkulima alitakiwa kuandikishwa katika mfumo wa kidijitali na kupewa namba ya kununulia. Kwa mkoa wa wakulima wa mahindi kama Ruvuma, namba hiyo ni chakula cha mwaka. Asiyeweza kuisoma humpa mwingine simu yake, na mara nyingine humpa namba ya siri pia. Nimepata kumwona mama mtu mzima kwenye kibanda cha wakala akiitaja namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Hakuna aliyemcheka, ndivyo ilivyozoeleka. Lakini siri inayotajwa hadharani si siri tena, na mali inayolindwa na siri hiyo haina mlinzi.

Sisi wa visiwani tusijione tumenusurika. Babu zetu waliandika barua, hati na tenzi kwa herufi za Kiarabu. Utawala wa kikoloni ulipozifanya herufi za Kilatini kuwa ndizo za ofisini na shuleni, mtu aliyekuwa msomi jioni aliamka asubuhi akihesabiwa hajui kusoma. Hakuna kilichopungua kichwani mwake. Kilichobadilika ni chombo. Vivyo hivyo mzee wa Songea aliyehitimu kisomo mwaka 1975, akajivunia kuandika jina lake, leo anarudishwa kwenye kutia dole gumba, safari hii juu ya kioo.

Mimi ni mfasiri, na kwangu jambo hili huanzia kwenye lugha. Mwaka 2004 wataalamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kompyuta inayozungumza Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba lugha yetu haikukosa maneno. Hata hivyo, kuna vyombo vingi ambavyo bado vinamsemesha mtumiaji kwa Kiingereza, na mkulima anabonyeza “kubali” asijue amekubali nini.

Litowa inatufundisha kwamba kugawa vyombo hakutoshi. Mtu amesoma pale anapoweza kuelewa, kuuliza, kukataa, na kuandika jibu lake mwenyewe. Tukimfundisha mkulima kupokea namba tu, tumempa nusu ya kisomo. Nusu ya pili ni ile iliyowatia wakubwa hofu mwaka 1969, na bila hiyo sioni maendeleo yatakayodumu.